Friza ya Siku Moja

Mwanangu anakaa Golbanti kwa mama yangu. Mimi nakaa Garsen na samaki. Kinachotutenga si mto wala barabara. Ni joto.

Naeleza mapema, maana watu wakisikia hivyo hudhani nimemtupa mtoto. Kuna muuza mboga mmoja aliniambia usoni, sokoni, watu wakisikia: "Wewe ni mwanamke gani, unazaa halafu wenzako ndio walee?" Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Jibu la kweli lilikuwa refu zaidi, na yeye hakuwa na subira, na mimi sikuwa na nguvu.

Jibu lenyewe ni hili. Samaki wa ziwani akitolewa alfajiri, saa sita mchana ameshaanza kulegea, na saa nane hata paka humfikiria mara mbili. Kwa hivyo kila siku niamke kabla ya adhana, nidandie bodaboda hadi ziwani, nigombanie kambare na tilapia na wanawake wenzangu, nirudi kabla jua halijakaza, niuze mbiombio. Wanaobaki nawakausha kwa moshi, macho yananitoka, na bei yao inakuwa nusu. Kesho tena. Jumapili nyingine pia. Mtoto wa mwaka mmoja nimweke wapi hapo? Nilijaribu, nisije nikaambiwa sikujaribu. Miezi mitatu nilimfunga mgongoni, beseni mapajani, upepo wa bodaboda ukimpiga alfajiri. Kifua kikamshika, kikamwachia, kikamshika tena. Mara ya tatu muuguzi pale zahanati akaniuliza, "Mama, huyu mtoto analala saa ngapi?" Wiki hiyohiyo nikampeleka Golbanti.

Baba yake simtaji. Hana kazi humu.

Mwenye friza haendi ziwani kila siku. Anakwenda mara mbili kwa wiki, tena mchana kama anataka, na samaki wanamngoja kwenye baridi. Nilimwona mwanamke mmoja kule Malindi, ameketi kwenye kiti anauza samaki huku anachambua mchele, na chini ya meza yake mtoto amelala kwenye katoni, kinywa wazi, mkono mmoja umeshika upindo wa leso ya mama yake. Nilinunua samaki wa mtu mwingine, mimi muuza samaki, ili nipate sababu ya kuendelea kusimama pale. Tangu siku ile, nikisema friza namaanisha mtoto.

Kila nikienda Golbanti, humpelekea barafu. Naichukua kwa mzee mwenye duka la vinywaji baridi, pande la kujaa mikono miwili, naliviringisha kwenye pumba za mbao na gunia, nalikumbatia kwenye bodaboda kama mgonjwa. Kule kwa mama hakuna stima. Nikifika, lile pande limebaki kama yai, na mto ukiwa umejaa nikalazimika kuzunguka na mtumbwi, linabaki kama kokwa la tende. Mtoto ananiona kutoka mbali, anakuja mbio, miguu yote vumbi, anapiga kelele, "Barafu imekuja! Barafu imekuja!" Analikimbilia gunia.

Mama yangu alikuwa akimsahihisha. "Huyu ndiye mama yako. Mimi ni bibi yako."

"Huyu ni Mama Barafu," mtoto akasema siku moja, kwa utulivu, kama mtu anayemwelekeza mgeni. "Wewe ndiye mama."

Watu wote uani walicheka. Mimi pia nilicheka. Halafu nikaenda nyuma ya jiko kutafuta kitu ambacho sikuwa nimekipoteza.

Ndipo serikali ikaja.

Ilikuja na hema, viti vya plastiki na spika, ikaketi uwanjani karibu na ofisi ya chifu. Afisa aliyetumwa kutoka Nairobi alikuwa amevaa raba nyeupe, na nilimhurumia, maana ilikuwa imenyesha. Lakini alisema jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alisema wanajua benki zinatukataa wenye biashara ndogo kwa sababu hatuna cha kuweka dhamana. Sasa serikali imekubaliana na benki. Mkopo ukipotea, sehemu kubwa ya hasara itabebwa na serikali, ili benki zisituogope. "Benki ikiuliza, nani anamdhamini huyu mama, jibu ni serikali!"

Tulipiga vigelegele. Mwanamke wa Kiorma anayeuza maziwa karibu na meza yangu aliniinamia akauliza, "Na maziwa yakimwagika, hiyo serikali itanifuata?"

"Itakufuata hadi kwenu Bangale."

"Basi ije na viatu vingine," akasema, na safu nzima ikaangua kicheko.

Mimi nilicheka huku jicho liko kwa afisa, kwa sababu benki nilikuwa nimeshaifikia kabla ya hapo, nikatolewa na swali moja tu. Waliniomba hati ya shamba. Baba yangu aliacha shamba, ndiyo, ukanda mwembamba kutoka ukingoni mwa mto, kama mashamba yote ya kwetu. Lakini mto ulifurika ukajichimbia njia mpya, na asubuhi yake shamba la baba likawa ng'ambo. Hati haikuwahi kuwepo, na kama ingekuwepo ingeandikwa upande gani? Nilimwambia mtu wa benki, shamba lipo, ila mto umelihamisha. Alinitazama kama aliyenikuta nimelewa saa tatu asubuhi.

Sasa hati haitakiwi. Anatakiwa mtu mwenye kibali cha soko, stetimenti ya pesa za simu, na biashara inayoonekana. Nina cheti cha kidato cha nne, na Kiingereza changu cha fomu hakijaoza kama nilivyodhani. Nilijaza yangu, nikawajazia na wenzangu, meza ya samaki ikawa ofisi. Pale palipoulizwa mkopo ni wa nini, niliandika: friza moja. Palipoulizwa mali iliyopo, niliandika: beseni nne, mizani, meza ya mbao, jiko la kukaushia. Niliandika ukweli mtupu. Nataka hilo likumbukwe.

Haukupita mwezi, afisa wa mikopo akanipigia. Karatasi zako ziko sawa, mama. Umebaki ukaguzi tu. Nitakuja Alhamisi kuona biashara kwa macho, nipige picha, nitume.

Sikungoja Alhamisi. Jumapili nilikuwa Golbanti. Nilimwambia mama, "Shule zikifunguliwa namchukua. Ataanza chekechea Garsen, akitoka anakuja mezani kwangu."

Mama alikuwa anamsuka mtoto nywele. Mikono haikusimama, lakini ilipunguza mwendo. Nilijua nampokonya nini. Nyumba ile haina mtu mwingine.

"Haya," akasema mwishowe. "Nitamshonea begi."

"Begi la nini?" mtoto akauliza.

"La kwenda kukaa na Mama Barafu."

Mtoto alifikiri. "Kule barafu ni kubwa?"

"Kubwa," nikamwambia. "Kubwa kuliko wewe."

Sasa nifike kwenye kosa. Kosa langu lilikuwa kuwaambia wanawake wa sokoni kwamba Alhamisi mtu wa benki anakuja kunitazama.

Kwetu mtu hatazamwi mtupu. Ukipata mgeni wa maana, jirani huleta mkeka wake, mwingine sahani zenye maua, mwingine kuku, na hakuna anayekuuliza kama umeomba. Siku nilipoletewa posa, nyumba yetu isiyokuwa na kitanda hata kimoja cha maana ilikuwa na vitanda vitatu, redio mbili, na kabati la vioo lililobebwa na wanaume sita. Kesho yake kila kitu kilirudi kwao. Wakwe nao wanajua, maana nao kwao hufanyiwa vivyo hivyo. Hatuuiti uongo. Tunaita kumstiri mwenzako. Nimekula chakula cha mtindo huo tangu nizaliwe, na bado sikuona kilichokuwa kinakuja.

Alhamisi nilikwenda ziwani kama kawaida, nikachelewa kwa sababu ya tope, nikakutana na afisa wa mikopo kituoni akishuka. Kijana wa rika langu, shati limemganda mgongoni, mpole. Tukatembea pamoja hadi sokoni, mimi na beseni langu kichwani, nikimweleza jinsi samaki wanavyoniharibikia. "Ndiyo maana nahitaji friza," nikasema, na tukakata kona.

Friza ilikuwa imesimama kibandani kwangu.

Nyeupe, ndefu kama jeneza la tajiri, inanguruma. Waya wake ulikuwa umepitishwa juu hadi kwa fundi cherehani wa jirani. Niliijua mara moja, ilikuwa ya mzee wa vinywaji baridi. Walikuwa wamebandua matangazo ya soda, gundi bado inaonekana. Wameileta kwa mkokoteni kungali na giza la asubuhi, wanaume wanne, na yule mzee mwenye mgongo mbovu akisukuma. Kando yake mizani mbili ambazo si zangu. Saa ya ukutani. Kiti cha sofa kimoja, chenye kitambaa cha kufuma, kwa ajili ya mgeni. Na wateja! Foleni ya wateja, saa mbili asubuhi, sijawahi kuona foleni mezani kwangu hata sikukuu. Mbele kabisa alisimama yule muuza mboga aliyeniuliza mimi ni mwanamke gani.

"Mama, mbona umechelewa?" akapaza sauti. "Nipimie kilo tatu, wageni wangu wako njiani!"

"Mimi mbili!" akadakia muuza maziwa, ambaye hali samaki, na ambaye akipita upande wangu huziba pua.

Afisa alinigeukia akatabasamu. "Mama, kumbe unaficha mambo."

Akafunua friza.

Ndani mlikuwa na samaki wa soko zima. Kila mwanamke alikuwa ametia wake, wamepangwa kichwa na mkia. Baridi ikanipiga usoni. Nilikuwa na jasho la njia, na ile baridi ilinishika shingoni, ikashuka kifuani, nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko nikaacha hapo. Nilitakiwa kusema. Sentensi moja tu: hii si yangu. Watu husema walinyamaza kwa heshima, na ni kweli, ningewavua nguo wale wanawake wote mbele ya mgeni, na yule mzee na mgongo wake. Lakini hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nayo. Niliangalia chini, kati ya friza na ukuta, nikaona nafasi ya katoni. Inatosha kabisa. Niliona hata mguu wake ungetokeza upande gani.

Afisa alipiga picha. Mimi na friza. Friza peke yake. Foleni. Akakaa kwenye sofa, akanywa soda aliyopewa bure, akaandika, akaaga. Alipopotea tu, soko lililipuka.

"Umeona macho yake?"

"Hapo huwezi kukosa, shoga yangu. Hapo umepata!"

Mzee wa vinywaji alingoja watulie. "Sasa nipeni friza yangu, soda zimekuwa chai."

Ilikuwa haijafika saa tano.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu. Ombi limekataliwa. Mwombaji tayari anamiliki kifaa alichokiombea mkopo, na taarifa za mali alizojaza hazilingani na ukaguzi.

Nilisoma nikiwa nimeshika kambare mkono mmoja. Nilikwenda benki nikinuka hivyohivyo, na wateja waliokuwa kwenye foleni walinipisha.

"Ile friza si yangu," nikamwambia yule afisa.

"Ni ya nani?"

"Ya mzee wa dukani."

"Ilifuata nini kwako?"

Nikafungua kinywa. Ningemwelezaje? "Ilikuja kunistiri," nikasema.

Aliweka kalamu chini. Sikuona dharau usoni mwake, na hilo lilinikera zaidi. "Mama, nikuamini lini? Alhamisi ulipokuwa nayo, au leo usipokuwa nayo?"

"Twende ukaone sasa hivi. Nitalipa bodaboda."

"Ukaguzi ni mmoja kwa ombi moja. Picha zimeshakwenda. Utaomba upya mwaka ujao wa fedha."

"Serikali ilisema inanidhamini!"

"Inadhamini sehemu. Sehemu iliyobaki ni yetu, na hiyo yetu ndiyo inayouliza maswali."

Niligonga meza. Mlinzi alisogea. Nilisema mengi, na baadhi yake nayasema hadi leo nikiwa napaa samaki, peke yangu, kisu kinakwenda kasi. Nani alikaa Nairobi akapanga kumtuma mtu atutazame robo saa, mara moja, katika nchi ambayo jirani hakubali jirani yake atazamwe mtupu? Wangemwuliza mtu yeyote. Wangemwuliza hata yule mwenye raba nyeupe, kama angekaa siku mbili. Mlango wameufungua kweli, siwezi kusema hawakuufungua. Ila wameupima kwa mtu wa kwao.

Nilirudi sokoni nikiwa nimewapangia wenzangu matusi, moja moja, kila mmoja na lake. Walikuwa wamekaa wananingoja, hata muuza mboga.

"Imekubali?" akauliza.

"Imekataa. Kwa sababu ya friza."

Wakatazamana. Muuza maziwa alishika kidevu, uso wake umejaa huzuni ya kweli.

"Ilikuwa ndogo?" akasema. "Tungeleta mbili."

Nilianza kucheka, na nilipoanza sikuweza kusimama, nikaketi chini kwenye magamba, nacheka, nalia, na muuza mboga akanishika kichwa akakiweka kwenye tumbo lake. Leso yake ilinuka sukuma wiki. Matusi yote yakaniishia pale. Mpaka leo sijapata la kuwapa.

Golbanti nilikwenda Jumapili iliyofuata. Begi lilikuwa tayari. Mama alilishona kwa gunia la mchele, akatia mfuko wa mbele, na kwenye mfuko kitufe chekundu alichokitoa kwenye gauni lake la kanisani. Lilikuwa limetundikwa msumarini, mtoto amekatazwa kuligusa mpaka siku yenyewe. Nilifungua gunia la barafu. Safari hiyo hakikubaki hata kipande, pumba tu zilizolowa. Mtoto akachovya vidole, akavinyonya, akanitazama.

Mama alishanielewa. Alisimama, akaliondoa begi msumarini, akalikunja, akaliweka chini ya godoro.

"Begi haliozi," akasema.

Ameanza chekechea hukohuko. Hubeba daftari mkononi, kwa sababu begi ni la Garsen.

Friza ile iliacha alama nne kwenye sakafu ya udongo ya kibanda changu, mashimo madogo ya miguu yake. Nikifagia huyazunguka. Fomu mpya nimeshaichukua. Safari hii nimewaambia wenzangu, siku ya ukaguzi msilete kitu, niacheni na beseni zangu. Wameapa. Lakini juzi nilimwona yule mzee wa vinywaji akiupima mlango wangu kwa kamba, na nilipomwuliza alisema anapita tu.

Mwezi uliopita mama alimleta mtoto Garsen kuchanjwa, wakapita kunisalimia. Tangu ashuke mgongoni mwangu, mtoto hakuwa ameona tena ninapofanyia kazi. Alizunguka meza, akagusa mizani, akachungulia kila beseni. Alikuwa anaitafuta, nilijua. Halafu akaona yale mashimo manne.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Barafu kubwa," nikasema. "Na hapo karibu na ukuta ni pako."

Alikwenda akaketi hapo, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, mikono mapajani kama mtu aliyefika kituoni mapema. Nilikuwa na mteja. Nilimpimia, nikamchenjia, nikageuka. Bado alikuwa ameketi, jasho linamtiririka kwenye paji la uso.

"Pana joto," akaniambia.

"Najua, mwanangu."

Saa sita ilikuwa inakaribia, na bodaboda yao ilishaanza kupiga honi. Mama alimwinua kwa mkono mmoja. Nilikuwa na kambare kumi hivi mezani, wameanza kulegea, nikaanza kuwaita wateja.